Tupeane uzoefu: Simu yako ilipoacha kuitika ukiiita, tatizo lilikuwa nini?

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari za majukumu. Naanza na aibu yangu mwenyewe ili wengine mjiachie.

Mimi ni dereva wa bajaji. Msaidizi wa sauti, ile programu ya simu unayoiamuru kwa kuongea, ndiye anayenipigia wateja nikiwa na mikono yote miwili kwenye usukani. Siku moja akaacha kuitika. Naita, kimya. Napaza sauti, kimya, hadi abiria nyuma ananiuliza nagombana na nani. Nikaenda kwa fundi, akasema programu zimevurugika, dawa ni kufuta simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikakubali kichwa kichwa. Picha za send-off ya dada yangu zikaenda na maji, sikuwa nimezihifadhi popote. Simu ikawaka mpyaa, naita: kimya vilevile.

Wiki mbili baadaye ikaniponyoka, kava likachomoka. Nikaokota, nikaiita kwa hasira tu. Ikaitika! Kumbe kava lilikuwa la toleo jingine, tundu lake la chini halikukaa sawa na tundu la maiki. Na dalili nilikuwa nazo siku zote: watu wakisikiliza voisi zangu wanasema niko ndani ya pipa, mimi nasingizia mtandao.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa nasema hivi: vua kava, jirekodi sekunde 10, ujisikilize. Ukisikika kwa mbali, setingi hazitakusaidia. Ukisikika vizuri, haya, ingia kwenye setingi. Mwenye lake alete.

#2
Nakukosoa kidogo mkuu. Simu nyingi zina maiki zaidi ya moja, ya chini na ya juu karibu na spika ya sikioni. Ya chini ikiwa nzima voisi itatoka safi, na bado ya juu imefunikwa na protekta. Jirekodi video pia kwa kamera ya mbele, ulinganishe.

#3
Yangu ilikuwa unga jamani. Nakaanga maandazi, simu iko pembeni ya beseni nacheza taarab. Unga ukichanganyika na mafuta unaganda kwenye kile kitundu kama simenti. Nilisafisha kwa mswaki mpya, mkavu, wenye nywele laini, polepole, simu nimeiinamisha ili uchafu udondokee nje. Pini msiguse! Jirani yangu aliingiza ile ya kutolea laini, akadhani tundu ni lilelile. Leo akipigiwa simu lazima achomeke earphone ndiyo asikike.

#4
Mimi ni mtu asiyeona, na naomba nieleze kidogo kwa urefu kwa sababu kwetu hili si pambo. Msaidizi akinyamaza, kutuma ujumbe wa nusu dakika kunakuwa kazi ya kupapasa.

Natumia TalkBack, ile inayonisomea kila ninachogusa. Shida yangu ya kwanza: nikianza kusema, TalkBack nayo inasema. Msaidizi anasikia sauti mbili, anaandika maneno ya TalkBack badala ya yangu. Nikawa nadhani amekuwa kiziwi, kumbe anasikia kupita kiasi. Sasa navaa earphone sikio moja, nangoja ule mlio mfupi, ndipo naongea.

Ya pili ilinisumbua zaidi. Asubuhi anaitika, jioni haitiki. Kila siku. Nikaja kugundua chaji ikishuka simu inawasha kiokoa betri yenyewe, na kwenye simu yangu kikiwaka, kusikiliza jina lake kunakatwa. Nilimwomba mpwa wangu aniondolee ile ya kujiwasha yenyewe, na kwenye setingi za betri airuhusu programu ya msaidizi ifanye kazi muda wote. Betri inaisha mapema kidogo, potelea mbali.

#5
Pole na hongera kaka #4, hiyo ya jioni ndiyo yangu kabisa, naenda kuangalia sasa hivi.

#6
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa naongea na simu, simu inasikiliza kabati. Wallahi. Earphone za Bluetooth zilikuwa kwenye droo, zimewaka, zimeungana na simu, na maiki inayotumika ni ya huko. Zima Bluetooth kwanza kabla hujamlaumu mtu.

#7
Wangu anaitika vizuri, ila hamjui mama mkwe. Msaidizi nimemweka Kiingereza, namwambia apige "Mama Mkwe", ananitafutia duka. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili Google walileta mwaka 2017, hiyo natumia na inanielewa, lakini kuandika na kuamuru simu ni vitu viwili. Nikambadilisha jina, nikamwandika "Queen". Anapigiwa mara moja. Majuzi kaiona simu yangu inaita, kasoma jina lake, tangu hapo kila nikienda kwake naondoka na kuku.

#8
Hahaha #7 wewe una bahati. Shemeji yangu nimemwandika "Tiger", sijui ataona lini.

#9
Dada yenu hapa, nina swali. Nimejirekodi kwa programu ya kurekodi, sauti haiingii kabisa, si hafifu, haipo. Kava nimevua. Ni maiki imekufa?

#10 (mleta mada)
Dada, usiende kwa fundi bado. Simu yako ni Android 12 au ya juu zaidi? Kuanzia hiyo ya 2021 kuna kitufe cha kuzima maiki kwa programu zote kwa mpigo. Vuta menyu ya juu kwa vidole viwili, tafuta alama ya maiki. Kama hakipo hapo, kiko kwenye setingi, sehemu ya faragha.

#11
Imezimwa. Na nimeshajua aliyeizima, ana miaka 4 na sasa hivi amejificha chini ya meza.