Tupeane uzoefu: siku mtoto wako hakushuka kwenye gari la shule

Mama wa Sakina: Masika yakianza, gari la shule likichelewa hata dakika kumi, moyo hunirudisha Aprili 2024, gari lenye wanafunzi liliposombwa na maji hapa Arusha. Wazazi wenzangu mnaopakia watoto alfajiri, naomba mtueleze yaliyowakuta.

Baba wa Pasua: Binti yangu alikuwa chekechea hapa Moshi. Hiasi ilifika kwenye kona yetu saa kumi jioni, watoto wa jirani wakashuka, wangu hakushuka. Matroni alikuwa mgonjwa siku hiyo, na konda akasema bila kusita kwamba mtoto hakupanda. Nilipiga simu shuleni, mlinzi akanijibu kwamba madarasa yote yamefungwa, basi tukazunguka hadi Njoro tukiuliza kila duka, mama yake akiwa peku. Saa mbili usiku dereva, akiwa nyumbani kwake anaosha gari, alisikia kikohozi. Alimkuta chini ya kiti cha nyuma, amekumbatia begi, sweta limelowa jasho. Nilipofika niliona kwenye vumbi la kioo, upande wa ndani, alama za viganja vyake, nyingi, zimepandana.

Mama wa Kijenge: Pole sana, baba. Hivyo viganja vimeniliza.

Mama wa Moshono: Ndiyo maana mimi nasema watoto wapelekwe bweni.

Mwalimu mstaafu: Mwanangu, mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, na ilifanya vyema, kwa sababu mtoto wa miaka sita anahitaji kulala karibu na mzazi wake.

Mama wa Moshono: Shikamoo mwalimu. Ninafunga genge saa moja usiku na sina wa kumpokea mtoto, kwa hiyo naomba nisihukumiwe.

Babu wa Majengo: Andikeni namba ya simu ndani ya sweta, na jina kubwa juu ya begi.

Mama wa Kijenge: Namba sawa, babu, lakini jina lisionekane nje, maana mwenye nia mbaya humwita mtoto kwa jina lake naye akaitika.

Matroni wa gari: Ninahesabu wakipanda, ninahesabu wakishuka, kisha ninatembea hadi nyuma nikiinama chini ya kila kiti. Kinachonishinda ni kupakatana, kwani watoto wanne wakikaa kiti cha wawili hesabu hupotea, na wazazi wanaoona hali hiyo kila asubuhi hunyamaza wakiogopa nauli kupanda. Mtoto asipoonekana, msingoje usiku uingie: nendeni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au mpige 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ambayo ni bure.

Mama wa Sakina: Baba wa Pasua, binti anaendeleaje?

Baba wa Pasua: Yuko darasa la tatu, ni mzima. Ila hakubali kusinzia ndani ya gari lolote, hata akiwa amepakatwa na mama yake.