Pedi Moja Imekwisha, ya Pili Bado Nene

Salim: Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mama. Breki ya mbele ya pikipiki yangu imekuwa ikikwaruza kila ninapoteremka kutoka Uthiru kuelekea Kangemi, na leo nilipofungua kalipa, kile kifaa kinachoshika pedi na kuibana diski ya gurudumu, nimekuta pedi moja imekwisha hadi kwenye chuma, ilhali ya pili bado ina unene wa karibu milimita 3. Nimewatumia picha. Pedi mpya nimeshanunua Barabara ya Kirinyaga, nami ningependa kuzifunga mwenyewe kesho hapa nyumbani, kwa kuwa hizi hazikufikisha hata miezi minne tangu fundi azifunge.

Mama: Marahaba, mwanangu. Kwa nini usimpelekee fundi mwingine? Pikipiki hiyo ndiyo inayompeleka Asha shuleni kila asubuhi.

Mjomba Hamisi: Marahaba, Salim. Dada, una haki ya kuwa na hofu, na pale ambapo Salim hapaswi kuendelea peke yake nitamwambia waziwazi. Salim, pedi iliyokwisha ni ipi, ya ndani au ya nje?

Salim: Ni ya ndani, iliyo upande wa pistoni.

Mjomba Hamisi: Basi pedi mpya peke yake haitakufaa. Kalipa yako ina pistoni upande mmoja tu. Ukibana breki, pistoni huisukuma pedi ya ndani hadi iguse diski, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje, ili diski ibanwe pande zote kwa nguvu sawa. Pini zikikauka au zikishika kutu, kalipa hukwama, na pedi ya ndani hubaki ikifanya kazi ya zote mbili. Hata ukiachia breki, huendelea kusugua diski taratibu. Ukifunga pedi mpya juu ya pini zilizokwama, nazo zitaliwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo chomoa kalipa kwenye kishikio chake, uzitazame raba zinazofunika pini. Raba iliyopasuka huingiza maji na tope, na barabara ya kuingia kwenu wakati wa mvua naifahamu. Futa grisi ya zamani, sugua kutu kwa msasa laini, na pini iliyotoboka kwa kutu usiirudishe, nunua nyingine. Kisha paka grisi ya silikoni ya breki, kidogo tu. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba hizo, na pini itakwama tena.

Juma: Mjomba, samahani kwa kuingilia. Boda yangu ina breki za dramu mbele na nyuma. Je, haya yananihusu?

Mjomba Hamisi: Hapana, Juma. Dramu ya pikipiki kama yako hutumia viatu vya breki na haina kalipa wala mafuta ya breki. Nitakueleza siku nyingine, ili Salim asichanganyikiwe.

Salim, kabla ya kuirudisha pistoni ndani, ifute kwanza, kwa sababu uchafu ulioganda juu yake utakwaruza sili, ile raba inayozuia mafuta yasivuje. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki kule kwenye usukani, uisukume pistoni polepole huku ukitazama mafuta yasifurike. Yakimwagikia rangi ya tangi, mwagia maji mara moja, kwani huibabua. Kalipa ikiwa nje, mtu yeyote asiguse mkono wa breki, maana pistoni inaweza kuruka nje.

Sasa lile nililomwahidi mama yako. Chuma cha pedi kimekuwa kikikwangua diski. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umechorwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imelika chini ya hapo, au ina mifereji mirefu inayonasa ukucha, usifunge chochote. Nipigie simu, tutaipeleka kwa fundi mimi nawe.

*Jumamosi, saa kumi jioni*

Salim: Mjomba, pini ya chini ilikuwa imekwama kabisa, na raba yake ilikuwa imepasuka. Nimebadilisha pini na raba. Diski ni nzima, na nimeiosha kwa maji ya sabuni ikakauka kabla sijafunga pedi. Nilipobana breki mara ya kwanza, mkono wa breki ulikwenda hadi kwenye usukani bila kushika kitu.

Mjomba Hamisi: Hivyo ndivyo inavyokuwa, kwa sababu pistoni bado iko mbali na pedi. Endelea kubana na kuachia hadi mkono uwe mgumu, ndipo uwashe pikipiki. Asiyejua hilo huondoka akitegemea breki ambayo bado haipo.

Salim: Sasa ni mgumu, na gurudumu linazunguka bila kusugua.

Mama: Je, Jumatatu Asha anaweza kupanda?

Mjomba Hamisi: Bado, dada. Pedi mpya hazishiki vizuri hadi zizoeane na diski. Kesho asubuhi, barabara ikiwa tupu, Salim apunguze mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 10, kama mara 15, bila kubana kwa ghafla na akiacha diski ipoe katikati. Jumatano jioni nitapita niijaribu mwenyewe.

Asha: Basi Jumatatu hadi Jumatano nitapanda matatu, Mjomba. Mama, naomba nauli.