Ukoo wa Mzee Kambi: Mama anakwenda Bogotá

Neema: Asalaam aleikum wote. Tiketi zimetoka. Mimi na Mama tunaondoka tarehe 3 kwenda kwenye mahafali ya Rehema, tunapitia Istanbul. Mwenye lolote la kutuambia kuhusu Bogotá aseme mapema tujipange.

Baba Mdogo: Waaleikum salaam. Alhamdulillah. Hongera Rehema mwanangu. Shemeji, umejiandaa?

Mama: Moyo uko tayari. Presha ndiyo inanitia wasiwasi. Halafu hapa mtaani wananiambia Kolombia ni kwa wauza unga, risasi mchana kweupe.

Faraji: Shikamoo Mama Mkubwa. Mimi nilifika mwaka jana nikitokea Toronto. Kilichonishika pale si wezi, ni pumzi. Nilipanda kilima kidogo tu pale La Candelaria, mji wa zamani, ikabidi nisimame nishike ukuta. Na kichwa kiliniuma usiku kucha.

Mama: Marahaba baba. Kijana kama wewe?

Rehema: Shikamoo Mama. Faraji amesema kweli. Bogotá iko mita 2,640 kutoka usawa wa bahari. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kibanda cha kwanza, Mandara, na hicho kiko mita 2,720. Wewe unatoka Tanga, bahari iko mlangoni, unashuka ndege uko karibu na Mandara. Hata Nairobi tumeipita kwa zaidi ya mita 800.

Mama: Sasa mimi na miaka yangu mnanipeleka mlimani?

Rehema: Mama, wazee wa hapa wanaishi vizuri tu, mwili unazoea. Ila siku mbili za kwanza hutoki. Maji mengi, chakula kidogo kidogo, ngazi pole pole. Na kabla ya yote mwone daktari wako, mwambie urefu huo niliotaja, akupime na akuangalizie dawa. Neema, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Msiziweke kwenye sanduku.

Neema: Sawa. Nguo?

Rehema: Sweta, koti, soksi, mwavuli. Tuko karibu na ikweta lakini ni baridi mwaka mzima, kama nyuzi 14 hivi kwa wastani, usiku zinashuka. Asubuhi jua kali, mchana mvua. Watu wanavaa nguo juu ya nguo, wanavua na kuvaa kutwa.

Shangazi Zuhura: Jamani na mimi nipo, nilikuwa jikoni. Na malaria? Mwambieni wifi abebe chandarua?

Rehema: Shikamoo Shangazi. Chandarua hapana, Bogotá penyewe hakuna malaria kwa sababu ya mwinuko. Ila wachanje homa ya manjano waje na kadi. Sehemu za chini za nchi hii ugonjwa huo upo.

Mama: Yale ya risasi hamjanijibu.

Faraji: Mama Mkubwa, nakujibu bila kuficha. Wezi wapo. Mwenzangu mmoja alinyang'anywa simu akiwa anaangalia ramani kando ya barabara, kijana kapita na pikipiki, imekwenda. Kwa hiyo simu barabarani haitoki mfukoni. Ukitaka kuitazama, ingia dukani. Teksi iite kwa programu au hotelini wakuitie. La Candelaria mchana nendeni, usiku msitembee. Lakini hayo ya risasi wanayokusimulia mengi ni ya miaka ya 1980 na 1990, enzi za mabomu. Mimi nimekuta mji wa watu wenye kazi zao, wapole, ukiuliza njia mtu anakusindikiza mpaka kona.

Shangazi Zuhura: Sawa na Kariakoo tu hapo kwenye simu.

Baba Mdogo: Rehema, yale mabasi umeyaona? Sisi tulipoanza na mwendokasi Dar 2016, mfano tulioutazama ni huo wa Bogotá.

Rehema: Baba Mdogo, mimi nayapanda kila siku. TransMilenio, mekundu, marefu, yana njia yake katikati ya barabara tangu Desemba 2000. Jioni yanajaa mpaka mlango haufungiki vizuri. Mama sitampandisha saa hizo. Ila kuna kitu ambacho nataka akione, maana ndicho nilichoandikia tasnifu yangu.

Baba Mdogo: Kipi?

Rehema: Kusini kuna Ciudad Bolívar, mitaa ya watu wa kipato kidogo, nyumba zimepanda milima mpaka juu. Mwisho wa 2018 wakaweka vibanda vinavyokwenda hewani kwenye waya, TransMiCable. Kama kilomita 3 na kidogo, dakika 13 hivi. Zamani huko juu ulizunguka na basi zaidi ya saa nzima, mama anayefanya usafi maofisini anaamka saa kumi za usiku. Nimekaa na akina mama hao ndani ya vile vibanda, watu kumi mmetazamana magoti kwa magoti, chini unaona nguo zimeanikwa juu ya paa na picha kubwa zilizochorwa kutani. Mtu akikuambia sasa anamkuta mtoto hajalala, unaelewa usafiri ni nini. Mtalii anayeishia makumbusho na mikahawa haijui Bogotá.

Baba Mdogo: Hapo umenena mwanangu. Tuletee hiyo kazi tuisome.

Faraji: Makumbusho nayo msiiache lakini! Ile ya dhahabu ya Benki Kuu yao. Kuna chelezo kidogo cha dhahabu, kama sentimita 20, mtemi wa Wamuisca, wenyeji wa kale wa huko, amesimama katikati, watu wake wamemzunguka, wadogo kama kucha. Nimesimama pale mpaka mlinzi akanizoea. Jumatatu wanafunga.

Mama: Tutakula nini? Sitaki kuchanganyiwa nguruwe.

Rehema: Nguruwe wapo wengi kwenye vyakula vyao, kwa hiyo nitauliza kila mahali. Kuna ajiaco, supu nzito ya kuku na viazi vya aina tatu, vya njano vinayeyuka vyenyewe, ndani gunzi la mahindi, pembeni wali na parachichi. Nyama halali mimi nanunua kwa Waislamu wa hapa nakupikia nyumbani. Asubuhi wanakunywa maji ya moto ya sukari guru, utayapenda.

Faraji: Na chokoleti ya moto yenye jibini ndani! Unaitumbukiza vipande, unasubiri, unavuta na kijiko inanyooka kama uzi.

Shangazi Zuhura: Jibini kwenye chai ya chokoleti? Mungu atunusuru.

Neema: Rehema, na ule mlima wa Monserrate je? Naona picha kila mtu yuko kule juu.

Rehema: Iko mita 3,152. Wewe utapanda, kuna treni ya kuvutwa na waya tangu 1929. Mama tutaamua baada ya wiki, tukishapima presha. Asipopanda hajakosa. Jumapili ndiyo siku yake.

Mama: Jumapili kuna nini?

Rehema: Wanafunga barabara kubwa, zaidi ya kilomita 120, hakuna magari kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Walianza 1974. Wazee, watoto, baiskeli, mbwa, viti vya magurudumu, wote katikati ya barabara. Ni tambarare, Mama, tunatembea hatua zako, ukichoka tunakaa, muuza matunda anakukatia embe bichi la chumvi na ndimu.

Mama: Embe la chumvi na ndimu kama letu?

Rehema: Kama letu kabisa.

Mama: Basi hiyo Jumapili msinipangie kitu kingine. Neema, kesho nipeleke kwa daktari.

Neema: Saa mbili nakupitia.