Mrejesho: Tulifika Bogoria, na gari dogo lilitosha

Hamjambo. Mtakumbuka niliuliza kama mimi na rafiki yangu tungeweza kutoka Nakuru hadi Ziwa Bogoria na kurudi siku hiyo hiyo kwa gari dogo. Jibu ni ndiyo. Ahsanteni sana mliotuhimiza tuondoke alfajiri, maana baada ya Mogotio jua la Baringo halina huruma. Pale Mogotio tulisimama kidogo kwenye mstari wa ikweta, kisha tukakata kulia karibu na Marigat kuelekea Loboi, kwenye lango la kuingilia ziwani. Pancha tulipata moja tu, na vijana wa hapo wakaiziba upesi.

Sasa zile chemchemi za maji moto za Bogoria tulizokwenda kuziona! Kabla ya kuziona unazisikia: ardhi inanguruma, halafu maji yanaruka juu pamoja na mvuke wenye harufu ya kiberiti. Mwongozaji alitueleza kwamba mvua hupenya kwenye nyufa za Bonde la Ufa, ikachemshwa na miamba ya moto chini, kisha ikasukumwa juu. Rafiki yangu alinyamaza kabisa, naye si mtu wa kunyamaza. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia kumwona hivyo.

Ndege aina ya heroe (flamingo) walikuwepo, wa rangi ya waridi, kando ya ziwa, wakila mwani.

Aliyeuliza kuhusu watoto: wapelekeni, lakini washikeni mkono muda wote. Ukoko wa ardhi karibu na maji ni mwembamba, na yale maji yanaunguza vibaya. Bebeni pia maji ya kunywa ya kutosha. Yetu yaliisha saa sita.