Kusahihisha sauti kwa programu au kutegemea akustika ya chumba?

Msikivu:
Ndugu wanajukwaa, chumba ninachosikilizia muziki kina urefu wa mita 4.3, upana wa mita 3.7 na kimo cha mita 2.5, na kiti changu kiko karibu na ukuta wa nyuma. Noti fulani za besi huvuma kupita kiasi, nyingine hazisikiki kabisa. Programu ya amplifaya inayopima chumba kwa maikrofoni hupunguza mvumo huo, lakini sauti za waimbaji hupoteza uhai. Je, niiachie kila kitu, au niizime na kutegemea mazulia, mapazia na mpangilio wa spika?

Wimbi:
Ndugu Msikivu, usichague upande mmoja, kwa kuwa chumba hakitendi kwa namna moja katika masafa yote, yaani kwa sauti nzito na nyembamba. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo katika urefu wa mita 4.3 nusu ya wimbi la Hz 40 hivi (mitetemo 40 kwa sekunde) hutoshea barabara kati ya kuta mbili, na wewe umekaa pale pale ambapo shinikizo lake ni kubwa. Mbele ya wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8, zulia na pazia havifui dafu. Hapo programu ina kazi ya haki. Juu ya Hz 200 hivi mambo hubadilika: maikrofoni hupokea sauti ya spika ikiwa imechanganyika na miakisi ya kuta, ilhali sikio huipa uzito sauti iliyotangulia kufika. Programu inayosawazisha mchanganyiko huo inaweza kuipotosha sauti ya spika iliyokuwa safi, na nadhani ndicho kinachowasibu waimbaji wako. Kama programu yako inaruhusu, iwekee kikomo hapo.

Fundi Kipimo:
Naafiki, ila izuie pia isijaze mabonde, yaani zile noti zisizosikika. Spika ikiwa mita 1 mbele ya ukuta, mwakisi wa nyuma hutembea mita 2 za ziada na, karibu na Hz 86, hufika ukiwa kinyume cha sauti ya moja kwa moja na kuififisha. Ukiongeza desibeli 10, amplifaya itadaiwa nguvu mara 10, na mwakisi nao utapanda kwa kiasi kile kile, bonde litabaki. Dawa yake ni kusogeza spika au kiti kabla ya kupima.

Utulivu:
Kikomo cha Hz 200 nisingekifanya sheria. Kuteremsha sauti nyembamba kwa mteremko mpana na wa taratibu hakudhuru, mradi programu isifukuzie kila kilima kidogo cha grafu. Pima sehemu kadhaa kuzunguka kichwa, si nukta moja tu, kisha weka vifyonza sauti vyenye unene wa kutosha kwenye kuta za kando, pale ambapo ungeiona spika kama ukuta ungekuwa kioo.