Bibi yangu kaitwa "mtu wa ng'ambo" kisa chale za usoni, imeniuma sana

Wakuu salaam. Niko Mtwara, na naandika hapa nikiwa na hasira.

Juzi nimempeleka bibi ofisi moja kufatilia kitambulisho chake. Makaratasi yote anayo kwenye bahasha ya kaki, ila yule kijana wa mezani hata hajaifungua, kakazia macho zile chale za mashavuni halafu anamuuliza kwa sauti foleni nzima inasikia, "Bibi, we si mtu wa ng'ambo? Si Mmawia?" Yaani Mmakonde wa Msumbiji. Bibi kaivuta kanga mpaka machoni. Uso aliochanjwa akiwa mwali, watu wanampigia vigelegele, leo anauficha! Na pale mezani juu ya mafaili kuna kinyago cha ujamaa, kile cha mpingo watu wamebebana.

Na humu kila siku nasoma eti wahamiaji wanaharibu utamaduni wetu. Upi huo? Vinyago vya Kimakonde mnavyowazawadia wageni, wachongaji wake wengi walivuka mto Ruvuma kutoka kule Mueda, Msumbiji, kuja kukata mkonge na kutafuta maisha, wakachonga mpaka dunia ikatujua. Sindimba je? Ngoma ya Wamakonde, na Wamakonde wako pande zote mbili za mto, mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno huko kwao.

Bibi kavuka 1965 kwa mtumbwi, vita na Wareno imeanza mwaka mmoja nyuma, nchi hii ikawapokea, FRELIMO yenyewe, chama cha ukombozi cha Msumbiji, imezaliwa Dar 1962 na wapiganaji wake wakafundishwa Nachingwea hapo. Kazaa watoto saba hapa, kapalilia mikorosho Newala mpaka mgongo umepinda (na korosho nayo Wareno ndo waliitoa Brazili, leo inatusomeshea watoto).

Sikatai ukaguzi. Tangu 2017 Cabo Delgado, kule kaskazini mwa Msumbiji, hapakaliki kwa mashambulizi ya waasi, mpaka lazima ulindwe. Ila kagua karatasi, usikague sura ya mtu!

Wanaoniudhi zaidi ni nyie wa kusini mnaoshangilia. Mmesahau Dar walivyotuita machinga kwa dharau, kabila zima la watu wa Lindi likageuzwa jina la mtu wa kufukuzwa barabarani?

Jumatatu nataka nimrudishe pale na barua ya mwenyekiti wa mtaa, hataki. Jana usiku kaniuliza kama hospitali wanaweza kufuta chale.