Mrejesho: Nyonga mbili za mama, nyumba ya Ngamiani

Asanteni wadau. Niliuliza nyumba ya Ngamiani, Tanga, iandaliweje kwa mama anayebadilishwa nyonga zote mbili kwa upasuaji. Kilichosaidia zaidi ni futi kamba: sakafuni hadi nyuma ya goti sm 42, kiti sm 50. Kiti kikiwa kifupi, nyonga hukunjwa kupita digrii 90 na inaweza kuchomoka. Kitanda kimeinuliwa kwa vigogo vilivyochimbwa tundu za kuingiza miguu yake, si matofali, yale huteleza. Choo cha kuchuchumaa kimewekewa kiti chenye tundu. Mbuzi ya nazi marufuku (kanung'unika!), mkeka pia, anaswali kitini. Tulipokosea: mto wa katikati ya mapaja ulikuwa mwembamba, miguu ikapishana usingizini. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda.